Mabwawa ya Mafia: Nani anamwangalia mtoto saa nne asubuhi?

Mgeni anayetua Kilindoni huwaza bahari. Amesikia habari za papa potwe wanaoonekana kati ya Oktoba na Machi, na za Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini kwa familia zinazoishi katikati ya kisiwa cha Mafia, maji yanayogusa maisha ya kila siku mara nyingi si ya chumvi. Ni ya visima, mabonde ya mpunga na mabwawa yaliyozungukwa na majani na miti.

Mabwawa hayo ni neema. Kwa mzazi mwenye mtoto anayeanza kutembea, ni jambo la kupangiwa mapema, si la kungoja litokee.

Maji baridi juu ya maji ya chumvi

Watoto wengi wa visiwani huuliza: iweje bahari iko pande zote, na bwawani maji ni matamu?

Jibu ni mvua. Maji ya mvua, hasa ya masika ya Machi hadi Mei, huzama mchangani na kwenye mawe ya matumbawe. Chini kabisa yapo maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Mahali palipo bondeni, maji hayo hujitokeza au mvua hutuama, na hapo bwawa huzaliwa.

Ndiyo sababu kisima kinachovutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi: tabaka la juu limepungua, la chini limepanda. Mwambie mtoto hivyo unapomkataza kutupa taka bwawani. Anayachafua maji yale yale yanayokwenda kisimani.

Historia ya kisiwa nayo inasimulia thamani ya maji haya. Moja ya miji yake ya kale, kwenye rasi ya magharibi, unaitwa Kisimani. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari, lakini jina la kisima limebaki. Na huko Jibondo, kisiwa kidogo kilicho kusini, watu kwa miaka mingi walitegemea maji ya mvua na maji yaliyovushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa.

Wenyeji wengine wa bwawa

Mafia ina viboko. Inaelezwa kuwa walisombwa kutoka mto Rufiji, ambao delta yake iko ng'ambo ya mlango wa bahari, wakaweka makao katika mabwawa ya kati ya kisiwa. Mchana hukaa majini. Usiku hutoka kula majani, na mmoja anaweza kumaliza takribani kilo 40 kwa usiku mmoja. Mkulima wa mpunga anajua maana yake.

Kiboko hali nyama, lakini akikuta mtu amesimama kati yake na maji, humshambulia. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni rahisi: mtoto hatumwi bwawani jioni, usiku wala alfajiri, na hapiti kwenye njia iliyokanyagwa na kiboko hata kama ni ya mkato.

Kichocho hakiishi baharini

Hapa lipo jambo linalowashangaza wazazi wengi. Mtoto anayeogelea baharini hapati kichocho huko, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea vyake huishi kwenye maji baridi tu. Hatari iko kwenye bwawa au kijito chenye konokono hao, ambako mtu mwenye ugonjwa amekojoa. Mayai huanguliwa, vimelea huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini, hasa nyakati za mchana jua likiwa kali.

Dalili kubwa ya kichocho cha mkojo ni damu kwenye mkojo. Katika sehemu kadhaa za Afrika wapo wanaoamini kuwa hiyo ni ishara ya mvulana kubalehe. Si kweli. Ni ugonjwa, na ukiachwa unaharibu kibofu na figo. Mtoto apelekwe kituo cha afya. Dawa yake, prazikwanteli, ndiyo ile inayogawiwa pia shuleni katika kampeni za kingatiba. Usimfiche mtoto siku hiyo.

Maji ya bwawa yakichotwa na kuwekwa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vimelea vya kichocho hufa, na mtoto anaweza kuogeshwa nayo. Maji ya kunywa bado lazima yachemshwe.

Hatari isiyo na kelele

Kiboko huogopwa kwa sababu anaonekana. Kichocho kina dawa. Kinachomchukua mtoto mdogo haraka zaidi ni maji yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama hutumbukia, na mdomo ukishaingia maji hawezi kuita. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ndoo yenye maji kidogo ni bahari.

Nchi yenye mafunzo makubwa kuhusu jambo hili ni Bangladesh, ambako mabwawa yako karibu na nyumba nyingi za vijijini. Huko iligundulika kuwa watoto wengi wadogo huzama asubuhi hadi mchana, wakati mama anapika, anafua au yuko shambani. Suluhisho lililofanya kazi vizuri halikuwa ghali: mama mmoja wa kijiji alipewa mafunzo, akawakusanya watoto wadogo kwenye chumba kimoja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Vifo vikapungua sana.

Wazo hilo si geni kwetu. Bibi, shangazi na mama mdogo wamekuwa wakilea watoto wa wenzao tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni kutaja jina. "Watoto wapo na wenzao" si ulinzi. "Leo shangazi ndiye anayewaangalia" ni ulinzi. Na mtoto wa miaka saba hawezi kubebeshwa jukumu la kumlinda wa miaka miwili.

Mambo ya kufanya wiki hii

• Chagueni na majirani mtu mzima mmoja wa zamu kwa saa za asubuhi, awe hana kazi nyingine wala simu mkononi.

• Funika kisima na mapipa. Mwaga maji ya ndoo ukimaliza kufua. Weka wigo au kizuizi mlangoni kama bwawa liko karibu.

• Mtoto wa miaka sita na zaidi afundishwe kuogelea, wa kike pia. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Heshima na usalama vinakwenda pamoja.

• Wafundishe watoto kutomrukia mwenzao anayezama. Waite mtu mzima na kumtupia kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu huelea.

• Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha mkandamize kifua mara 30 na kumpulizia mara mbili, ukirudia hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe kituo cha afya.

Mvua za masika zikianza, mabwawa hujaa na kingo huwa na utelezi. Zamu ipangwe kabla ya hapo. Kesho saa nne asubuhi, sufuria ikiwa jikoni na nguo zikiwa kwenye beseni, kila mtu nyumbani awe anajua jina la anayemwangalia mtoto.