Kuuliza si Ujinga: Tuwaelekeze Watoto

Mwaka 1905 watu wanne walianzisha chama cha kujitolea mjini Chicago, Marekani. Chama hicho ni Rotary. Leo kina wanachama hata Tanzania. Tangu mwaka 1985 kimesaidia chanjo ya polio, ugonjwa unaopoozesha watoto. Wanachama wake pia huwaeleza wanafunzi habari za kazi zao.

Kazi hii ya pili haihitaji fedha. Sisi wa Gongoni, Tabora, tunaiweza.

Watoto wengi humaliza kidato cha nne bila kujua waende wapi. Lakini hapa Tabora kuna chuo cha reli. Kuna chuo cha ufugaji nyuki. Kuna chuo cha kilimo, Tumbi. Kila chuo kina masharti yake. Anayetaka kuwa bwana shamba asiache masomo ya sayansi. Akiambiwa baada ya mtihani, amechelewa.

Ewe fundi, muuguzi, mfuga nyuki! Mwombe mwalimu mkuu nafasi ya saa moja. Waeleze watoto ulisoma nini, unafanya nini, na shida za kazi yako. Usiwafiche.

Nawe mzazi, uliza. Kuuliza si ujinga.