Hali ya Down, Damu na Ubongo Unaozeeka Mapema

Mtu mwenye hali ya Down huzaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Kwenye kromosomu hiyo ipo jeni ya APP, ambayo protini yake ikikatwa hutoa vipande viitwavyo beta-amiloidi. Nakala zikiwa tatu, vipande huzalishwa kupita kiasi, vikagandamana polepole kati ya chembe za ubongo. Kufikia umri wa miaka 40, karibu kila mwenye hali hii huwa na mabonge hayo pamoja na nyuzi zilizosokotana za protini ya tau, ambazo ndizo alama za ugonjwa wa Alzheimer. Wapo wachache mno ambao kromosomu yao ya ziada ni kipande tu kisichobeba jeni ya APP. Baadhi yao wamechunguzwa wakiwa wamepita miaka 70, na ugonjwa haukuonekana.

Uharibifu huo huanza kimya. Utafiti uliofanywa Barcelona na Cambridge, ukachapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet, ulionyesha mpangilio wake. Mabadiliko ya kwanza yalionekana kabla ya miaka 30: amiloidi katika maji ya uti wa mgongo, na katika damu protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi. Protini hii hushikilia umbo la nyuzi za neva, na neva zinapoumia humwagika na kuingia kwenye damu. Katika miaka ya 30, picha za ubongo zilionyesha amiloidi iliyoganda, kisha matumizi ya sukari katika ubongo yakapungua. Hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, ilisinyaa katika miaka ya 40. Demensia yenyewe ilitambuliwa katika umri wa wastani wa miaka 54 hivi.

Kwa hiyo mabadiliko katika damu hutangulia dalili kwa zaidi ya miaka 20. Faida ya kupima damu ni kubwa, kwa kuwa kuchomwa sindano mgongoni au kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha ni mateso kwa wengi wenye hali hii. Kipimo kingine cha damu chenye matumaini ni aina ya tau iitwayo p-tau217, ambayo hupanda amiloidi inapozidi. Hata hivyo, nyurofilamenti hupanda pia kwa majeraha mengine ya neva, hivyo kipimo kimoja hakitoshi kutamka ugonjwa.

Tena, si kila kusahau ni Alzheimer. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kukatika pumzi usingizini, sonona, mtoto wa jicho na uziwi ni mambo ya kawaida katika hali hii, na mengi yanatibika. Daktari anapaswa kuyachunguza kwanza, kisha amlinganishe mtu na uwezo wake mwenyewe wa zamani. Familia ziandike mapema, kabla ya miaka 40, yale ambayo ndugu yao anaweza: kuvaa, kupika, kutaja majina, kwenda dukani peke yake. Daftari hilo litamsaidia daktari kuona kilichobadilika.