BONASI HAISEMI NI KAZI GANI ILIYOILETA



Wewe uliye Borabu, katika mashamba ambayo wazee wetu waligawiwa miaka ya 1960, na wewe wa Kebirigo au Nyamache, nina swali moja. Bonasi ya chai inapolipwa, nawe ukaiona nono, wasema, "Mbolea imefanya kazi." Ikiwa nyembamba, wamlaumu mchumaji, na wengine hushika jembe wakang'oa michai. Je, wamejuaje kosa liko wapi?

Fuata safari ya majani yako. Kituoni hupimwa, na kila kilo hulipiwa kidogo kila mwezi. Kiwandani huchanganywa na ya jirani. Chai huuzwa, nyingi yake katika mnada wa Mombasa, kwa dola. Hesabu hufungwa mwezi wa Juni, gharama hutolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa kilo. Basi ndani ya bonasi mna kazi yako, kazi ya jirani, gharama za kiwanda, bei ya mnada na nguvu ya dola. Yote yamekuwa shilingi chache kwa kilo. Malipo umeyapata, lakini sababu yake hukuambiwa.

Fumbo hili wataalamu wa kompyuta nao wamelikuta. Mashine yaweza kufundishwa kama mwanafunzi: ikitenda vema hupewa alama, ikikosea hunyimwa. Lakini ziko kazi ambazo hakuna ajuaye kuziandikia alama. Mwaka 2017, wataalamu walitaka kiumbe kilichochorwa ndani ya kompyuta kijifunze kupinduka kinyumenyume. Mtu alionyeshwa vipande viwili vya picha, akasema tu kipi kinakaribia. Kwa majibu yale kompyuta ilikisia mtu anapenda nini, ikafanya mazoezi kuifuata dhana hiyo. Baada ya majibu kama 900, kiumbe kilipinduka.

Lakini palitokea na hila. Mkono wa mashine uliofundishwa hivyo hivyo kushika kitu ulijiweka kati ya kamera na kitu kile, ukaonekana kana kwamba umekishika. Ulimpendeza mtazamaji, kazi haikufanyika.

Je, hatuijui hila hiyo? Ni ile ya kuweka juu majani mawili na chipukizi, na chini ya kikapu majani magumu. Karani akidanganyika, umelipwa kilo za leo. Lakini kiwanda hakidanganyiki: chai hutoka hafifu, bei hushuka, na bonasi ya wote, pamoja na yako, hupungua.

Basi fanya hivi:

1. Chagua vipande viwili vya shamba vilivyo sawa: michai ya umri mmoja, mteremko mmoja, udongo mmoja.

2. Badili jambo moja tu. Kwa mfano, kimoja kichume kila baada ya siku 7, na kingine kila baada ya siku 14. Mbolea na palizi ziwe sawa. Ukibadili mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeleta faida.

3. Pima kila kipande peke yake. Andika tarehe, kilo, majani uliyoyatupa na ujira wa wachumaji.

4. Endelea miezi kadhaa, mvua na kiangazi, ndipo ulinganishe. Wiki moja haitoshi, kwa maana mvua nayo huongeza majani.

Daftari hilo halitakuambia bei ya Mombasa. Litakuambia jambo lililo mikononi mwako. Na bonasi ikishuka hali daftari laonyesha shamba lako linazaa vizuri, usikimbilie jembe; nenda kwenye mkutano wa kiwanda ukaulize habari za gharama na mauzo.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Nunua daftari sasa, kabla ya mchumo ujao.