BOMBA LA CHUMA NA NCHI NDOGO



Kila aijuaye Kigali anaujua mzunguko wa Sonatubes, wilayani Kicukiro. Wapanda basi hulitaja jina hilo kila siku, lakini wengi hawakumbuki kwamba ni jina la kiwanda cha mabomba ya chuma. Likizo iliyopita nilikuwa namngoja mjomba wangu hapo, nikajiuliza: Rwanda haina tanuri la kugeuza mawe kuwa chuma, basi mabomba yetu hutoka wapi?

Jibu ni hili. Siku hizi kitu kimoja hutengenezwa na nchi nyingi. Nchi moja huchimba mawe, ya pili huyayeyusha na kuyafanya mabati mazito yaliyoviringishwa. Mabati hayo hupakiwa melini, kisha hupanda malori: toka Dar es Salaam kiasi cha kilomita 1,500, au toka Mombasa kiasi cha 1,700. Hapo ndipo kiwanda cha bara hukata bati vipande virefu, hulikunja kwa magurudumu ya chuma, na kulichomelea ukingo kwa ukingo likawa bomba. Fundi naye hulifanya dirisha. Kila mmoja huongeza thamani kidogo, na kila mmoja hula ujira wa kile alichoongeza.

Sisi pia tunapeleka. Coltan ya Rwanda husafiri mbali, hutolewa madini yatumikayo ndani ya simu, kisha simu hurudi kuuzwa kwetu kwa bei kubwa. Mwanzo wa kazi ni wetu, na mwisho wake, yaani kununua, ni wetu. Faida nono imekaa katikati.

Lakini mdogo hapangi bei. Mjomba wangu ni fundi wa milango na madirisha. Mwanzo wa mwaka 2022 alipatana bei ya madirisha ya nyumba nzima, akapokea malipo ya awali. Mara vita vikazuka Ukraine, na bei ya chuma, ambayo tayari ilikuwa juu, ikapanda tena duniani. Mjomba hakuvunja ahadi. Alimaliza kazi kwa hasara, na karo yangu ya muhula ule ikachelewa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza somo hili kabla ya kulisoma darasani.

Na mkubwa aweza kufunga mlango. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 ili viwanda vya nguo vikue, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya ushuru.

Je, tujifungie ndani? La! Anayejifungia hatakuwa na chuma wala dirisha. Yafaa kuuza kwa wengi, si kwa mmoja. Kurahisisha njia za bandarini, kama tulivyofanya kwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Na juu ya yote, kujifunza kazi za katikati. Volkswagen ilipoanza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018, ilihitaji mikono iliyofundishwa.

Zamani nilitaka kazi ya kalamu tu. Sasa nimeomba kusoma ufundi wa madini. Mjomba alicheka akasema, "Vema, mpwa wangu. Lakini kwanza njoo ushike bomba hili." Nikalishika.