Mizani ya Pikapu Iko Ubavuni mwa Tairi

Lori linalotoka Muheza na machungwa kwenda Dar es Salaam halina pa kujificha: likishapita Segera na Chalinze, mizani ya Vigwaza inalingoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inayagusa magari ya kuanzia tani 3.5, mzigo ukiwemo. Pikapu ya kawaida ipo chini ya hapo. Inapita pembeni huku dereva akipunga mkono, na lumbesa zake zimerundikwa hadi juu ya kabini.

Hakuna anayeipima, isipokuwa matairi yake.

Pwani ya Tanga pikapu siku hizi haibebi tu, inavuta pia. Boti za faiba za Pangani na Ushongo hupandishwa ufukweni kwa tela. Ujenzi wa barabara ya kwenda Pangani, na ule wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, umeongeza kazi za kukokota jenereta, kompresa na matenki ya maji. Wenye magari wameona riziki, wamechomelea vyuma vya kuvutia nyuma ya bampa, wakaingia kazini. Injini wameikagua, springi wameziongeza. Kilichosahaulika ni namba mbili au tatu zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa saizi.

Namba hizo ni kipimo cha uzito, ila hazisomwi kama kilo. Zina jedwali lake. Tairi la 88 linabeba kilo 560. La 98 ni kilo 750, la 106 ni kilo 950, na la 112 ni kilo 1,120. Herufi inayofuata ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Zikiwa namba mbili, kwa mfano 106/104, ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake, ya pili ni ya matairi pacha kama yale ya nyuma ya Canter.

Sasa tuchukue pikapu ya milango minne. Ikiwa tupu, ekseli yake ya nyuma inaelemewa na takriban kilo 850. Bodi ikipakiwa kilo 500, karibu 450 zinakaa nyuma. Tela la boti lenye tani moja na nusu, likipakiwa vizuri, hulaza kama asilimia 10 ya uzito wake kwenye kichwa cha kuvutia, yaani kilo 150. Na kwa kuwa kichwa hicho kipo nyuma ya ekseli, gari linafanya kama pembea ya ubao: pua inanyanyuka, na ekseli ya nyuma inabeba hizo 150 pamoja na uzito ulioondoka mbele. Zihesabu 200. Jumla ni kilo 1,500, na hapo kiti cha nyuma hakijakaliwa na mtu.

Mwenye gari aliyebadili rimu akafunga tairi pana la 215/65R16 lenye namba 98, kwa sababu linapendeza, ana matairi mawili ya kubeba kilo 1,500 kamili. Hajasaza hata kilo moja, na mashimo ya barabarani bado hajayafikia. Mwenzake mwenye 195R14C, tairi jembamba lisilo na madaha, lenye namba 106, ana uwezo wa kilo 1,900. Ile herufi C mwishoni ndiyo siri: ni tairi la gari la biashara, lenye mwili mgumu. Wapo wanaopima nguvu ya tairi kwa upana wake, na hao ndio wateja wazuri wa mafundi pancha.

Tela lenyewe nalo lina aibu zake. Mengi hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea, na magurudumu huwa yale yaliyopatikana, mara nyingi ya gari dogo. Tela letu la tani moja na nusu, ukitoa kilo 150 zilizolala kwenye pikapu, linakanyaga ardhi kwa kilo 1,350. Likifungwa matairi mawili ya 185/70R14 yenye namba 88, uwezo ni kilo 1,120. Limezidiwa kwa kilo 230 kabla halijatoka getini.

Upepo nao una neno lake. Zile kilo 950 za 195R14C hupatikana tairi likijazwa hadi psi 65. Kijana wa kujaza upepo akiuliza "ngapi?" na dereva akajibu thelathini na tano kwa mazoea ya gari dogo, uwezo huo haupo tena. Ubavu unajikunja kila mzunguko, mpira unapata joto, na kwa lami ya Februari inayochoma nyayo, nyuzi za ndani zinaachana. Mlipuko husingiziwa msumari.

Kuna wakati Tanzania ilikuwa na matairi yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ubia wa serikali na kampuni ya kigeni, kilikuwa kimezima mashine kabla ya 2010. Tangu hapo soko linategemea meli: matairi mapya kutoka China na kwingineko Asia, na yaliyotumika, ambayo kashata zake zinaweza kuwa nene huku mpira umezeeka. Umri nao umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Tarakimu 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata muuzaji aapeje kwamba tairi limeshuka jana bandarini.

Mnunuzi wa pikapu ya kuvuta tela ajumlishe kwanza uzito wa ekseli ya nyuma, augawe kwa mbili, aongeze akiba, ndipo aende dukani kutaja namba anayoitaka. Lililofutika namba, hata likiwa nusu bei, si la kufunga nyuma ya gari linalovuta.