Kijisanduku Kinachongoja Kuitwa

Sogeeni, wanangu. Leo nawasimulia habari za kijisanduku chenye antena kinachoitwa seva ya printa. Ile printa ya zamani isiyojua habari za Wi-Fi huchomekwa kwake kwa waya wa USB, nacho kikaiingiza kwenye mtandao, kompyuta zote za shule zikaitumia.

Hamu ya kuchangia printa ni ya siku nyingi. Mwaka 1973, huko Palo Alto, California, wahandisi wa Xerox walikuwa na kompyuta zilizoitwa Alto, na mwenzao Gary Starkweather alikuwa amebuni printa ya leza. Zote zitaifikiaje printa moja? Swali hilo ni miongoni mwa yaliyomfanya Robert Metcalfe aandike wazo la Ethernet, mtandao wa waya tunaoutumia mpaka leo. Nalipenda sana jambo hili: mtandao wenyewe ulizaliwa printa ikiwa jirani.

Basi, kijisanduku kikitoka dukani hakijui Wi-Fi yenu inaitwaje, wala hakina skrini mkakiandikia. Kianzeni kwa waya. Kiungeni na ruta, andikeni anwani yake kwenye brauza, na ukurasa wa mipangilio utafunguka. Hapo jazeni jina la Wi-Fi na nywila, herufi kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo. Vingi vya zamani husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, mkiviita kwa gigahezi 5 haviitiki. Hifadhini, chomoeni waya, kizimeni na kukiwasha tena.

Sasa tufike kwenye anwani, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kila chombo mtandaoni hupewa namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, mfano 192.168.1.50. Ruta huzigawa yenyewe, lakini huziazima tu. Kesho chombo kinaweza kupata nyingine. Simu haidhuriki, kwa kuwa yenyewe ndiyo huanza mazungumzo. Printa haimwiti mtu, inangoja kuitwa. Hebu fikirini namba ya S.L.P. ya shule yenu ingebadilishwa kila wiki bila taarifa: barua zingeishia wapi? Ndivyo kompyuta inavyotuma kazi kwenye anwani ya jana, na karatasi haitoki.

Kwa hiyo kipeni kijisanduku anwani ya kudumu. Ichagueni nje ya zile ambazo ruta huzigawa, vyombo viwili visije vikagombea namba moja. Au iambieni ruta ikitengee namba yake, ikitambue kwa anwani ya MAC, zile tarakimu na herufi 12 zilizobandikwa chini yake. Kisha kwenye kompyuta ongezeni printa kwa anwani hiyohiyo; seva nyingi hupokea kazi kupitia mlango namba 9100.

Kabla hamjaufunga ule ukurasa wa mipangilio, badilisheni nywila ya kiwandani ya kijisanduku chenyewe. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kila aliyenunua kama hicho anayo.