Ukinunua Dizeli, Nunua Inayotengenezeka Mpanda

Wateja wangu wengi huja gereji na jibu mkononi, swali wameliacha nyumbani. "Fundi, nimepata Prado ya dizeli, twende ukaione." Ameshaipenda, ameshampigia simu shemeji yake kumwambia, kwangu anafuata baraka tu. Mimi humuuliza kwanza anaishi wapi na anakwenda wapi.

Mwalimu anayekaa Makanyagio, shule iko hapo hapo mjini, Jumamosi sokoni na Jumapili kanisani, hana kazi na dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inaibana hewa mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta yenyewe, na ndiyo maana inapenda mwendo mrefu na joto lililotulia. Ukiiwasha, ukaenda dakika tano, ukaizima, mafuta hayaungui sawasawa; masizi yanajaa njia za hewa na nozeli zinachafuka. Mwalimu huyo namshauri achukue petroli ndogo, chenji ilipe ada za watoto.

Dizeli ni ya mwenye shamba la mpunga Majimoto au Mamba, mwenye wazazi Karema au Mishamo, anayepakia watu saba na magunia nyuma na kukutana na matope ya Machi. Huyo anahitaji injini inayovuta ikiwa bado inazunguka taratibu, bila kupigishwa kelele. Lakini hata hapo mambo yamebadilika. Kwenda Tabora kwa njia ya Koga siku hizi ni lami, gari dogo la petroli linafika bila shida, na dalali hatakukumbusha hilo. Bei ya mafuta nayo haitakuokoa. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mpanda, kwa umbali wetu na bandari, huwa miongoni mwa miji ya bei za juu. Mara petroli imeipita dizeli, mara dizeli imeipita petroli. Dizeli inakusaidia kwa kutumia lita chache kwenye safari ndefu yenye mzigo. Basi.

Ukishakuwa na hakika unaihitaji, acha kutazama rangi na rimu, fungua boneti utafute kibati chenye namba ya fremu. Kwenye Toyota, herufi za mwanzo zinakuambia injini iliyofungwa kiwandani. HZJ ni 1HZ, KZJ na KZN ni 1KZ, KDJ na KDN za Surf ni 1KD, LN za Hilux ni jamii ya L. Ukiona RZJ, VZJ au TRJ, hiyo ilizaliwa petroli. Kama sasa ina dizeli ndani, kuna mtu aliihamisha, na lazima ujue ni nani, lini, na kama kadi ya gari imerekebishwa.

1HZ ndiyo ya Land Cruiser hardtop, ile mkonga ya mashirika na hospitali. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake haitegemei kompyuta. Inavumilia mafuta mabaya na fundi wa kijijini. Ubaya wake ni bei, maana hata ikiwa imechoka inatisha, na viti vya nyuma vya kutazamana si vya kumpakia bibi hadi Sumbawanga. Hilux dabo kebini yenye 3L au 5L ina tabia hiyo hiyo kwa pesa ndogo zaidi. Haina haraka. Ukitoka Kibaoni kupandisha kuelekea uwanda wa Ufipa ukiwa na mzigo, malori yanaweza kukupigia honi. Kwa familia isiyo na haraka, naipenda kuliko zote.

1KZ, ya Prado za zamani na Surf, ina turbo na inakwenda vizuri, na kila fundi wa mji huu ameshaifungua. Adui yake ni joto. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu. Ikichemsha mara moja ya nguvu, inapasuka. 3C ya Noah za dizeli ina udhaifu huo huo, na imefungwa chini ya viti ambako hewa haifiki vizuri, kwa hiyo naikataa bila hata kuiwasha.

1KD, ambayo watu wanaiita D4D, ni ya komon reli: kompyuta ndiyo inayoziamuru nozeli, na mafuta yanakaa katika shinikizo kubwa mno. Ina nguvu na inatumia mafuta kidogo. Lakini washa za shaba chini ya nozeli zikianza kuvujisha, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chekecheo lililo chini kwenye sampu, na injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti kinaonyesha imejaa. Si injini mbaya, ila inatibiwa mbali. Nozeli zake mimi huzifunga kwenye boksi na kuzipandisha basi hadi Mwanza au Dar es Salaam zikapimwe kwa mashine, na gari linasubiri juu ya matofali.

Siku hizi naletewa na Mazda CX-5 za dizeli, nzuri kweli kwa macho. Zina chujio la kunasa masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo linajisafisha tu gari likikimbia kwa muda na kupata moto. Likishindwa kumaliza kujisafisha, dizeli inachuruzika kwenye oili na oili inapanda kwenye kijiti badala ya kushuka. Isitoshe zilitengenezwa kwa dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni; kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50, na hapo sijataja dizeli ya dumu inayouzwa vijijini, yenye maji na pengine mafuta ya taa ndani yake. Mafuta ya taa hayalainishi pampu. Kwa Dar es Salaam sina neno. Kwa Mishamo, hapana.

Watu huniuliza kwa nini dizeli nyingi ni za zamani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitikisa chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari kutangaza vita dhidi ya dizeli. Oktoba 2003 jiji hilo na majirani zake wakazuia malori na mabasi yasiyotimiza kiwango, na sheria ya taifa ikazibana hata gari za familia katika miji mikubwa. Surf na Prado nyingi zikaondoka nchini mwao zikiwa bado nzima. Prado ya dizeli iliacha kuuzwa huko 2007, ikarudi 2015 ikiwa na injini ya 1GD. Kwa hiyo ukiambiwa "Prado dizeli ya 2011, imetoka Japani safi," muuzaji hajui anachouza au anajua sana. Gari hilo liliuzwa jipya nchi nyingine, na historia yake uitafute huko.

Herufi za namba nazo zinapumbaza. Tunazoea kusema hii namba D, hii namba E, kana kwamba ndiyo umri. Herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa kwa namba hiyo tu. Mkonga uliotumikia mradi kwa namba za DFP kwa miaka mingi, ukauzwa mnadani, unapewa namba ya T ya siku hiyo na kuonekana kijana. Mimi huangalia raba ya kanyagio la breki na ngozi ya usukani. Kilometa zinarudishwa nyuma kwa nusu saa. Kanyagio lililolika halirudishwi, labda libadilishwe, na kanyagio jipya kwenye gari la miaka 20 nalo linasema kitu.

Kulikagua, nenda alfajiri bila kumwambia muuzaji saa. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameipasha kuficha jinsi inavyowaka asubuhi. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, minya hozi ya juu ya rejeta kabla hujawasha. Inatakiwa iwe laini. Ikiwa ngumu na gari limelala usiku kucha, hewa ya kwenye silinda inapenya kwenye maji, na hedi au gasketi yake imekwisha. Fungua mfuniko wa rejeta uone kama kuna oili inayoelea; chomoa kijiti uone kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kisha washa. Moshi mweupe kidogo wa baridi unaokatika haraka ni wa kawaida. Mweupe usiokatika ni hita plagi zilizokufa au injini iliyochoka kubana. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, na huo ndio nafuu kuliko yote. Injini ikiunguruma, fungua mfuniko wa oili uuache umekaa juu ya tundu. Ukitetema tu, sawa. Ukirushwa na moshi ukafuka kwa mapigo, ringi zimekwisha, funga, shukuru, ondoka.

Halafu pakia watu, washa kiyoyozi, nenda Sitalike na kurudi huku jicho liko kwenye mshale wa joto. Kiyoyozi si anasa kwetu. Ukipita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mbung'o hulifuata gari linalotembea, hasa la rangi nyeusi au bluu, na utafunga vioo mwanzo mwisho. Ukirudi, fungulia kizibo cha chini ya chujio la dizeli, kinga kwenye chupa ya kioo, uache itulie. Maji hukaa chini. Yakiwa mengi, gari limekunywa mafuta ya dumu.

Makaratasi hayana hadithi ndefu: namba ya fremu na ya injini zifanane na kadi, madeni ya faini za trafiki yaangaliwe kwenye mfumo wa polisi, na umiliki uhamishwe TRA kabla pesa yote haijatoka mfukoni.

Ukishalichukua, usilipeleke Karema siku hiyo. Badilisha oili, machujio yote, maji ya rejeta na mkanda wa taimingi, maana injini zote nilizozitaja za Toyota zinatumia mkanda isipokuwa 1GD yenye cheni, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Muuzaji atasema ulibadilishwa juzi, mwombe risiti. Akiwa hana, hesabu haukubadilishwa, weka mpya, kisha andika kilometa na tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya kava lake, ili fundi wa baadaye asikuulize kitu.